Sukari, Siku Kuu na Mtoto Jikoni: Historia Fupi kutoka Ntinda

Katika mitaa ya Ntinda, upande wa mashariki ya jiji la Kampala, Krismasi na Idi zinapokaribia harufu ya sukari na siagi husikika madirishani. Mzazi hukanda unga wa ngano, na mtoto, akiwa amesimama juu ya kigoda, hukata biskuti kwa mdomo wa bilauri, kisha huzipamba. Watu wengi huliona jambo hili kuwa mchezo tu wa siku kuu. Lakini yafaa, ndugu msomaji, tulitazame kwa macho ya historia, kwani katika sinia moja ya biskuti mna safari ndefu ya mazao, ya biashara na ya lugha yetu.

Tuanze na sukari. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, nao walilipokea kutoka mashariki, kwani asili yake ni Kisanskriti cha Bara Hindi. Katika karne ya 19 miwa ililimwa sana kando ya mto Pangani, na mashamba hayo yalitegemea jasho la watumwa. Utamu huo, basi, ulikuwa na uchungu ndani yake. Mjini Unguja na kwingineko pwani, akina mama walitia sukari katika visheti na vileja vya Idi. Kileja hufanywa kwa unga wa mchele, samli na iliki, na mara nyingi huwekwa tone la rangi juu yake. Kwa hiyo kupamba kitafunio cha siku kuu si desturi ya kigeni kwa Waswahili.

Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Buganda zamani za Kabaka Suuna, mnamo 1844. Wamisionari Waprotestanti walifuata mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879. Hivyo Idi na Krismasi zote mbili zikapata makao nchini. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, ikarahisisha uchukuzi wa unga wa ngano, zao ambalo Uganda hulilima kwa uchache katika nyanda za juu kama zile za Sebei. Sukari nayo ikaanza kutengenezwa hapa hapa: Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira mwaka 1930. Viwanda vyote viwili viko upande wa barabara ya Jinja, ile ile ipitayo Nakawa, jirani na Ntinda.

Mwaka 1968 Uganda ilizalisha tani 152,000 za sukari. Kisha, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Mitambo ilikosa vipuri na mashamba yakaota magugu, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa karibu kukoma. Sukari ikawa kitu cha kupangiwa foleni, au cha kununuliwa kwa magendo. Katika siku zile, kumpa mtoto kijiko kimoja cha sukari anyunyizie biskuti kulikuwa anasa isiyofikirika kwa wengi. Viwanda viliporudishiwa wenyewe na kufufuliwa, sukari ilirudi jikoni polepole. Mtoto wa leo hajui kwamba anachokimwaga mezani kwa furaha kiliwahi kufungiwa sandukuni.

Neno magendo ni la Kiswahili, na hapo ndipo lilipo fundisho kwa walimu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipopendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi shuleni, Kabaka Daudi Chwa alikipinga. Baadaye, wakati wa Amin, Waganda wengi walikisikia kinywani mwa askari, wakakiogopa. Walakini jikoni hakikupigwa vita. Mganda husema ssukaali, sefuliya, ekijiiko, essowaani na emmeeza, wala haoni ugeni wowote. Lugha iliyozuiwa mlango wa shule iliingia kwa mlango wa jikoni, ikakaa.

Tangu mwaka 2005 Katiba imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha azimio kifundishwe shuleni kwa lazima. Hapo Ntinda zipo ofisi za Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo hutahini somo hilo. Lakini mtihani peke yake hauwezi kuifanya lugha ipendwe. Hebu mwalimu au mzazi achukue gramu 250 za unga, 125 za siagi, 100 za sukari, yai moja na iliki kidogo. Mtoto achekeche, akande, asukume, akate. Asiye na oveni atumie sigiri: aweke sufuria juu ya moto mdogo, na juu ya kifuniko apalie makaa. Biskuti zikipoa, zipakwe sukari ya unga iliyokorogwa kwa maji ya ndimu, na mtoto achore nyota au mwezi mwandamo. Kila tendo lina kitenzi chake, na kitenzi kilichofanywa kwa mikono hakisahauliki upesi.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Kama ni kweli kwa samaki na kwa unga uliokandwa, ni kweli zaidi kwa ulimi wa mtoto. Iwapo atakijua Kiswahili kwanza kwa utamu wake, hatakuwa na sababu ya kurithi hofu ya babu yake.