Shule Iliyokuja kwa Posta

Kijana anayefungua simu usiku, bando limebaki kidogo tu, ili ajifunze kupanga herufi kwenye bango, hudhani yumo katika jambo jipya kabisa. Hapana, ndugu yangu. Kisomo cha mbali kina umri kuliko babu wa babu yako. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanzisha stempu ya peni moja, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa posta. Wanafunzi walinukuu vifungu vya Biblia kwa alama zake, wakamrudishia, naye akasahihisha. Lishike hilo neno, kusahihisha. Ndiyo habari yenyewe.

Uchoraji ukapita njia hiyo hiyo. Mwaka 1914 ilianzishwa huko Minneapolis, Marekani, shule ya uchoraji kwa barua ambayo baadaye iliitwa Art Instruction. Matangazo yake yalifika hadi kwenye vibiriti: chora kichwa hiki, tutumie, tuone kama una kipaji. (Nina wasiwasi kipaji kilionekana upesi zaidi kwa mwenye karo mkononi!)

Charles Schulz, mtoto wa kinyozi wa St. Paul, alikuwa mwanafunzi wao. Karo ilikuwa dola 170, fedha ya kumtoa kinyozi jasho, na baba akailipa kidogo kidogo. Sasa sikia kituko. St. Paul na Minneapolis ni miji iliyopakana. Kijana angeweza kupanda gari akapeleka kazi yake kwa mkono. Wapi! Aliona haya, akawa anaituma kwa posta. Katika somo la kuchora watoto akaambulia C+. Baada ya kurudi vitani aliajiriwa na shule hiyo hiyo kusahihisha kazi za wenzake, na tarehe 2 Oktoba 1950 katuni zake za Peanuts zikaanza kutoka magazetini. Wahusika wake ni watoto, na mbwa wao.

Mwaka 1948 Albert Dorne na wenzake, akiwemo Norman Rockwell, walifungua Famous Artists School kule Westport. Hapo mwalimu aliweka karatasi angavu juu ya mchoro wako, akachora juu yake namna ulivyopaswa kuwa, akaambatanisha na barua. Hebu fikiria raha na uchungu wa kufungua bahasha ile. Lakini biashara ilipanuka, ikazaa na shule ya waandishi. Mwaka 1970 Jessica Mitford akafichua kwamba wale waandishi maarufu kwenye matangazo hawakuwa wakisoma kazi za wanafunzi. Mwaka 1972 kampuni ikafilisika.

Kisha ikaja kompyuta. Photoshop ilitoka 1990, na mwaka 1995 mwalimu Lynda Weinman akafungua tovuti kwa ajili ya wanafunzi wake. Ikakua ikawa ghala la masomo ya video, na mwaka 2015 LinkedIn wakainunua kwa dola bilioni 1.5. Pesa ndefu, tena kwa shule ambayo mwalimu wa kwenye video hakuoni. Coursera, iliyoanza 2012, ilijaribu dawa nyingine: wanafunzi wasahihishane wenyewe. Wazo si baya. Ila mara nyingine anayekupa alama naye jana ndio kaijua programu, anaandika "kazi nzuri" na kupita zake.

Kwetu nyaya za baharini zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na video zikaanza kuchezeka bila kukwamakwama. Kizazi kizima cha vijana wa steshenari kimejifunza dizaini hivyo, na sitaki mtu awabeze. Wanaijua kila kitufe. Tatizo liko pengine: unaweza kutazama masomo mia na asitokee hata mtu mmoja wa kukuambia kwamba herufi zako zimebanana, au kwamba rangi tano kwenye kadi moja ya harusi ni fujo. Ukikosea, unakosea kwa ufundi zaidi kila mwezi.

Kwa hiyo kazi ya kusahihisha imemwangukia mteja. Anasimama nyuma ya kiti, kidole juu ya kioo cha kompyuta: "Bwana mdogo, hiyo namba ya simu mtu wa kwenye daladala ataionaje?" Kijana anaguna, anaongeza ukubwa wa namba, anapunguza ua moja. Mteja anarudi nyuma hatua mbili, anatazama tena.