Bombay Mbele ya Ziwa: Ukalimani na Nchi Inayobebwa na Lugha



Msafiri atokaye katikati ya jiji la Mwanza kuelekea Butimba na Nyegezi hupita Mkuyuni, kata yenye vilima vya mawe upande mmoja na maji ya ghuba upande wa pili. Jina hilo ni la mti, na kila anayetafsiri Injili ya Luka hukutana na mti huo Yeriko, pale Zakayo, mtu mfupi wa kimo, anapoukwea ili amwone Yesu. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inauita mkuyu. Kisawe hicho ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani, kwani mti wa Yeriko na mkuyu wa kwetu ni mmoja, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus sycomorus, na asili yake ni Afrika. Msomaji wa Kiingereza amepewa neno ambalo kule Uingereza ni jina la mti mwingine kabisa, usio na undugu na mikuyu. Mtoto wa Mkuyuni ameupata mti wenyewe. Mtoto wa London amepata jina tu.

Nimeutanguliza mfano huu kwa kuwa unaonyesha hali njema, ambapo nchi iliyo ndani ya matini chanzi na nchi ya msomaji zimekutana. Mara nyingi hazikutani. Kisa ninachotaka kukijadili kilitokea katika ghuba hiihii, mwaka 1858.

Mwezi Julai mwaka huo John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa. Tarehe 3 Agosti aliliona ziwa kutoka kilimani, hapa Mwanza. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alijua Kihindustani, tena cha askari wa jeshi la India. Mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India miaka mingi kama mtumwa, kisha akarejea Unguja baada ya bwana wake kufariki. Basi swali la Speke lilizaliwa kwa Kiingereza kichwani mwake, likatamkwa kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza kuwa Kiswahili, na mwingine akalifikisha kwa wenyeji kwa lugha yao. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo.

Aliuliza ziwa linafika wapi upande wa kaskazini. Jibu lililomfikia lilikuwa kwamba huenda linafika mwisho wa dunia. Kwa jibu hilo, pamoja na vipimo na hisia zake mwenyewe, Speke aliamini kwamba amekiona chanzo cha Mto Naili.

Burton, aliyekuwa mjuzi wa lugha, hakukubali. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 alidai kwamba Bombay hakukielewa Kihindustani kibovu cha bwana wake, kwamba labda alikosea pia katika kukigeuza kuwa Kiswahili, na kwamba aliyepokea Kiswahili hicho naye alikipeleka kwa wenyeji kwa namna yake. Ukiacha kejeli zake, hii ni hoja ya kitaaluma kabisa: uthabiti wa ushahidi hautazidi uthabiti wa kiungo kilicho dhaifu katika mnyororo wa ukalimani. Kijiografia, hata hivyo, Burton alikosea. Mwaka 1862 Speke aliyaona maji yakitoka ziwani kule Jinja, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, akathibitisha kwamba ni ziwa moja.

Maoni yangu ni kwamba wote wawili walimtazama Bombay isivyostahili. Katika mnyororo ule yeye ndiye aliyekuwa ameishi pande zote mbili za bahari. Kilichokosewa, nadhani, hakikuwa neno. Speke aliuliza kuhusu latitudo. Mwenyeji aliulizwa mahali ambapo, kwa mtu wa mtumbwi, maji hukoma, naye akajibu kwa ukomo wa safari anazozifahamu. Hata jina liliponzwa kwa namna hiyo. Nyanza ni nomino ya kawaida yenye maana ya ziwa. Ikaandikwa ramani kwa herufi kubwa, ikawa jina la pekee. Watu wa pwani nao walikuwa na jina lao, Bahari ya Ukerewe, lililotokana na kisiwa walichokiendea kwa biashara.

Wanafunzi huniuliza kama matatizo haya ni ya kwetu tu. La hasha. Kimalei, lugha ya bandari iliyoandikwa karne nyingi kwa hati za Kiarabu kama ilivyokuwa yetu, kina neno budak. Nchini Malaysia maana yake ni mtoto. Nchini Indonesia ni mtumwa. Kamusi haitamwokoa mtafsiri asiyejua waraka umetoka nchi ipi. Malaysia iliimarisha sheria yake ya lugha ya taifa mwaka 1967, mwaka uleule ambao Bunge letu lilipitisha sheria ya kuunda BAKITA. Lakini mwaka 1993 wao waliunda taasisi ya taifa ya tafsiri, ilhali kwetu kazi hiyo imebaki kuwa mojawapo ya majukumu mengi ya Baraza.

Hapo ndipo ninaporudi mahakamani. Kwa miongo mingi shahidi aliyejua Kisukuma pekee alisema kwa Kisukuma, mkalimani akatoa Kiswahili, na hakimu, katika mahakama zilizo juu ya ile ya mwanzo, akaandika Kiingereza. Ni mnyororo wa Speke ukiwa umegeuzwa, tena wenye kiungo ambacho hakikuitwa ukalimani, maana hakimu alitafsiri kimyakimya akiwa ameshika kalamu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama yanakiondoa kiungo hicho. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kile cha kwanza kipo palepale. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inadai kwamba mshtakiwa atafsiriwe ushahidi katika lugha anayoielewa. Ubora wa tafsiri hiyo unategemea aliyepatikana siku hiyo. Jaji wa rufani husoma kumbukumbu, hamsikii shahidi. Napendekeza kwamba neno linalobishaniwa liandikwe kwanza kama lilivyotamkwa, Kisukuma kikiwa Kisukuma, ndipo tafsiri yake ifuate.

Bombay alipewa nishani ya fedha na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, na mwaka 1876 akapewa pensheni. Alifariki mwaka 1885. Swali la Speke na jibu la Mwanza tunavisoma kwa Kiingereza cha Speke. Kiswahili alichokitumia Bombay siku ile hakikuandikwa.