Castor, mbwa aliyeuawa na jua njia ya Bagamoyo, 1874

Ndugu mfugaji, kila msimu wa joto, kuanzia Desemba hadi Machi, huulizwa swali lile lile: mbwa wangu alikuwa mzima asubuhi, mchana nimemkuta amelala hajiwezi, je, amelishwa sumu? Mara nyingine ni sumu kweli. Lakini mara nyingi, nikiuliza alikuwa wapi na saa ngapi, jibu ni jua. Leo nitakueleza habari ya mbwa aliyekufa hapa kwetu zaidi ya miaka 140 iliyopita. Kilichomuua yeye ndicho kinachoua mbwa wetu hadi leo.

Tarehe 17 Novemba 1874, Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda bara. Msafara wake ulikuwa na watu 356, wengi wao wapagazi na askari kutoka Unguja na pwani. Alikuwa na Waingereza watatu, ndugu wawili Francis na Edward Pocock pamoja na Frederick Barker. Alikuwa pia na mbwa watano waliosafirishwa kwa meli kutoka Uingereza.

Wawili kati ya mbwa hao, Castor na Captain, walikuwa mastifu. Hao ni mbwa wakubwa sana, wenye vichwa vizito, vifua vipana na nyama nyingi mwilini. Stanley alipewa kama zawadi, na mtu yeyote akiwatazama angesema hawa ndio walinzi. Watatu waliobaki, Nero, Bull na Jack, walitoka Battersea mjini London, kwenye makao ya kutunzia mbwa waliopotea na wasio na wenyewe. Kwa macho ya watu wa wakati ule, hao walikuwa mbwa wa kuokota.

Siku ya kwanza kulikuwa na mizigo ya kugawa na watu wa kupanga, kwa hiyo msafara ulitoka mjini saa tatu asubuhi. Wewe unayeijua pwani mwezi wa Novemba unajua saa tatu ni saa gani. Jua limeshapanda, na hewa ina unyevu wa mvua za vuli. Misafara ya biashara iliyokuwa ikipita njia ile miaka mingi haikuzoea kutembea hivyo. Wapagazi walikuwa wakiamka alfajiri, wanatembea kwenye ubaridi, na jua likianza kukaa utosini wanatua mizigo na kupiga kambi. Hawakuwa wavivu. Walijua mwili unabeba nini na saa ngapi.

Katika mwendo wa siku hizo za mwanzo, chini ya jua kali, Castor alianguka. Stanley aliandika kwamba alikufa kwa joto ndani ya saa mbili. Captain naye alionekana kuwa karibu kumfuata. Mbwa watatu wa Battersea walikuwa wamelala chini wakihema kwa nguvu, lakini walikuwa hai, na waliendelea na safari.

Kwa nini alianza kufa mmoja wa mbwa wakubwa? Hapa ndipo historia inapotufundisha kazi yetu.

Binadamu akipata joto hutoka jasho mwili mzima, na jasho likikauka ngozi hupoa. Mbwa hana jasho la namna hiyo. Anatoa kidogo tu kwenye nyayo. Tegemeo lake kubwa ni kuhema, kwa maana maji ya ulimini na kooni yanakauka na kuondoka na joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama Bagamoyo kabla ya mvua, maji hayo hayakauki upesi, na kuhema kunamsaidia kidogo. Mwili mkubwa wenye nyama nyingi hutengeneza joto jingi ukitembea, na huchelewa kulitoa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likivuka 41, ubongo, figo na matumbo huanza kuharibika.

Kuna jambo la pili. Mbwa humfuata mwenyewe. Hasemi amechoka, wala hatua mzigo kama mpagazi. Castor hakujichagulia saa ya kutoka. Alifuata msafara mpaka miguu ikakataa. Kwa hiyo mimi husema Castor hakufa kwa sababu alikuwa dhaifu. Aliuawa na ratiba ya watu.

Sasa tujitazame. Mbwa wetu wa kienyeji ni mwembamba, ana manyoya mafupi na miguu mirefu, na mchana anajua kuchimba udongo wa baridi chini ya mwembe akalala. Mababu zake walipita kwenye jua hili vizazi vingi, na walioshindwa hawakuacha watoto. Wengi wetu tunamdharau. Mwenye duka akipata fedha anataka German Shepherd au chotara mkubwa mwenye manyoya mengi. Sikukatazi. Ila ujue umenunua mwili uliotengenezwa kwa nchi ya baridi, na kivuli na maji vitakuwa juu yako. Wala usisikie habari ya Bull, ambaye alikuwa buldogi, ukadhani mbwa wa pua fupi wanafaa. Buldogi wa siku zile walikuwa na pua ndefu kuliko wa leo. Wa leo hupumua kwa shida hata akiwa amekaa.

Kutokana na kisa cha Castor, fanya haya:

1. Safiri alfajiri. Ukienda malishoni au mnadani na mbwa, toka kabla ya jua kuchomoza. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri mbwa awe kivulini. Kama safari haikwepeki, mwache nyumbani.

2. Banda la mabati lililofungwa pande zote ni tanuri. Inua paa, weka makuti au nyasi juu yake, na acha pande mbili wazi hewa ipite.

3. Usimfunge mnyororo mahali ambapo kivuli huhama. Asubuhi yuko kivulini, saa saba yuko juani na hana pa kwenda.

4. Maji yawepo kutwa, kwenye chombo kizito asichoweza kumwaga. Chungu kinafaa kuliko sufuria, kwa sababu maji hukaa ya baridi.

5. Usimwache ndani ya gari lililofungwa, hata kama unashusha mzigo mmoja tu.

6. Mkague kupe kila wiki. Kupe huleta ugonjwa unaoharibu damu, na mbwa mwenye upungufu wa damu huangushwa na joto upesi.

Dalili za hatari ni kuhema bila kutulia, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika, kisha kuanguka. Ukiziona, usisubiri. Mpeleke kivulini na umwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni, mapajani kwa ndani na miguuni, huku ukimpepea. Usimfunike kwa nguo iliyolowa ukaiacha juu yake, kwani inazuia joto kutoka. Akiwa na fahamu mpe maji anywe kidogo kidogo. Akiwa amezimia usimmiminie mdomoni, yataingia mapafuni. Mpoze kwanza, ndipo umkimbize kwa mtaalamu wa mifugo, hata kama amesimama tena. Madhara ya figo huweza kujitokeza baadaye.

Castor alipewa saa mbili tu, na njiani hapakuwa na mtu wa kumtibu. Wewe una kisima, una mwembe, na sasa unajua. Kesho ukiamka kwenda shamba, tazama kwanza kivuli cha mbwa wako saa saba mchana kitakuwa wapi.