Msonge na Shahada

Wahenga walinena kuwa penye miti hapana wajenzi. Buha haikuwa hivyo. Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, na huko Kasanda ambako tangu mwaka 2012 kumo katika Wilaya ya Kakonko, miti ilikuwapo na wajenzi walikuwapo. Waha walijenga msonge: nyumba ya mviringo ya fito zilizopindwa na kufungwa, ikaezekwa nyasi tangu kileleni hata karibu na ardhi. Umbo hilo lilikuwa na hoja yake. Mvua za nyanda hizo ni nyingi, na mteremko mkali huondosha maji kabla hayajapenya. Kijana hakupewa cheti kwa kuyajua hayo; alishika fito, akamtazama mzee, akaongozwa mpaka mkono wake ukaelewa.

Elimu ya usanifu wa majengo kwa njia ya chuo ilifika Afrika Mashariki baadaye sana. Mwaka 1956 chuo cha ufundi cha kifalme kilifungua milango yake Nairobi, nacho ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Wengine walivuka bahari. Beda Amuli, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1938, alisomea usanifu Israel, akarudi nyumbani, na katika miaka ya 1970 Dar es Salaam ikapata Soko la Kariakoo alilolibuni yeye. Mapaa yake ya zege yamekaa juu ya nguzo mfano wa miavuli mikubwa. Msomi huyo na mzee wa msonge hawakusoma darasa moja, lakini wote wawili walianza na swali moja: jua na mvua tuvikabili vipi?

Ngazi ya elimu hiyo nchini ilianzia chini. Mwaka 1956 Dar es Salaam ilipata shule ndogo ya mafundi wa upimaji wa ardhi. Mwaka 1972 shule hiyo ikawa Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Ardhi. Mbeya nako chuo cha ufundi cha mwaka 1986 kilipanda hata kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Leo kijana aweza kuanza na stashahada ya ufundi, akapata shahada, kisha uzamili na uzamivu. Nazo sheria za mwaka 1997 na 2010 zimeweka daftari la wasanifu; asiyeandikishwa humo hana haki ya kujiita kwa jina hilo.

Lakini mwaka ule ule wa 1972, Operesheni Kigoma iliwahamisha watu wa Buha kutoka maskani yao yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini. Nyumba za pembe nne zilipangwa kwa safu, na msonge, uliokuwa umekwisha anza kuachwa, ukahesabiwa alama ya unyonge. Hivyo ngazi ilipokuwa ikiinuliwa Dar es Salaam, kidato chake cha kwanza kilikuwa kikivunjwa Buha.

Simwombi mtu yeyote arudi kulala chini ya nyasi. Tofali hudumu, na bati haliliwi na mchwa. Walakini tofali la kuchoma hula kuni nyingi, na bati tupu huwa tanuri mchana na ngoma wakati wa mvua. Haya ni maswali ya usanifu, na fundi wa Kasanda hukutana nayo kila siku pasipo msanifu kando yake.

Kwa hiyo yapasa vyuo vyetu vitume wanafunzi Buha wakaupime msonge na kuuchora, maadamu wako hai wazee waliouona ukifumwa. Yapasa pia fundi afunguliwe njia ya kupanda ngazi akiwa na ujuzi wake mkononi, asiambiwe aanze kama mtu asiyejua kitu. Shahada isiyoujua msonge ni pungufu, na mzee akifa kabla hajaulizwa, hakuna chuo kitakachoweza kuijaza nafasi hiyo.