Mwendo wa kitu kilichorushwa

Mwendo wa kitu kilichorushwa (pia: mwendo wa mtupo) ni mwendo wa kitu ambacho, baada ya kuachwa na mkono, mguu au chombo kilichokirusha, husafiri hewani kikiathiriwa na graviti ya Dunia na ukinzani wa hewa tu. Mifano ni mpira uliopigwa na golikipa kwenye Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro, tufe, mkuki, jiwe la manati, na hata mwili wa mwanariadha anayeruka chini.

Kanuni

Galileo Galilei alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba mwendo huu ni miendo miwili inayotokea pamoja. Kasi ya mlalo haibadiliki, iwapo hewa haihesabiwi. Kasi ya wima hupungua kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde ya kupanda, kisha huongezeka vivyo hivyo wakati wa kushuka. Njia inayopatikana ni parabola.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba mpira ukifika kileleni husimama, au graviti huacha kufanya kazi. Sivyo. Pale juu ni kasi ya wima tu iliyo sifuri. Ya mlalo ingalipo, na graviti inavuta kama kawaida. Ingeacha kuvuta, mpira usingerudi chini.

Mpira uliopigwa kwa mita 25 kwa sekunde na pembe ya nyuzi 45 ungekaa hewani sekunde 3.6, ungefika kimo cha mita 16 na kuanguka umbali wa mita 64. Uwanjani haufiki huko, kwa sababu mpira wa miguu ni mwepesi kulingana na ukubwa wake na hewa huupunguza kasi sana. Tufe la chuma haliathiriki hivyo.

Pembe ya kurushia

Nyuzi 45 hukaririwa kama jibu la kila swali, lakini ni sahihi pale tu kitu kinapoanguka kwenye usawa uleule kilikorushwa, bila hewa. Tufe huachwa likiwa juu ya bega, tena mkono husukuma kwa nguvu zaidi kuelekea mbele kuliko kuelekea juu. Hivyo warushaji hodari hutumia nyuzi 35 hadi 40. Wanaoruka chini huondoka kwa takriban nyuzi 20 tu, maana mbio zao zote ni za mlalo.

Milima ya Uluguru inaonyesha jambo hilo vizuri. Kwenye mteremko, pembe bora hupungua kwa nusu ya pembe ya mteremko wenyewe. Jiwe likirushwa kwa mita 20 kwa sekunde kwenye uwanda hufika karibu mita 41. Kwenye mteremko wa nyuzi 20 pembe bora ni nyuzi 35, na jiwe hufika mita 62 likipimwa kufuata mteremko. Anayerusha kuelekea mlimani anahitaji nyuzi 55, na hapati zaidi ya mita 30. Mahesabu haya pia hayakuhesabu hewa. Kwa anayelima au kuchunga chini ya ukingo, tofauti hiyo si ya darasani: jiwe la mchezo huteremka mbali kuliko mrushaji alivyokadiria.

Mpira wa pete

Katika mchezo huu, unaopendwa sana na wasichana mashuleni, ringi iko mita 3.05 juu na haina ubao. Upana wake ni sentimita 38, na wa mpira ni takriban sentimita 22. Mpira unaoingia kwa nyuzi 30 hukuta uwazi wa sentimita 19 tu, kwa hiyo lazima ugonge ringi. Ili upite bila kugusa unapaswa kushuka kwa zaidi ya nyuzi 35. Ndiyo maana mfungaji mzuri huurusha juu, hata akiwa karibu na goli.

Hewa na mkuki

Mkuki hauifuati parabola kikamilifu, kwa kuwa hewa huuinua. Baada ya Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki kurusha mita 104.80 mwaka 1984, mkuki wa wanaume ulibadilishwa mwaka 1986: kitovu cha uzito kilisogezwa mbele ili ncha ishuke mapema. Kwa mkuki huo mpya, Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza mbinu kwa kutazama video za YouTube, alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015.