Mshahara Usiopunguzwa kwa Jina: Malipo ya Walimu wa Shule za Umma Bujumbura, kwa Mfano wa Kinindo, 1996–2023

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna kipato cha walimu wa shule za umma nchini Burundi kilivyopungua kati ya mwaka 1996 na 2023 kwa njia nyingine kuliko kushusha ngazi za mishahara. Mtaa wa Kinindo, jijini Bujumbura, unatumika kama mfano. Hoja kuu ni kwamba mwalimu alibebeshwa gharama za dola kwa sababu mshahara wake ulikuwa rahisi kufikiwa, wala si kwa sababu alikuwa na cha ziada.

Utangulizi

Kinindo iko kusini mwa Bujumbura, kati ya mto Muha na mto Kanyosha, jirani na Ziwa Tanganyika. Ilikuwa tarafa inayojitegemea hadi mwaka 2014, tarafa 13 za jiji zilipounganishwa kuwa tatu, yaani Mukaza, Muha na Ntahangwa. Kwa mabadiliko hayo Kinindo ikawa sehemu ya Muha. Inajulikana kwa makazi ya watu wenye uwezo na ofisi za mashirika ya kimataifa, na kodi za nyumba hufuata uwezo wa wakazi hao. Mwalimu wa shule ya umma, kwa upande wake, hulipwa kwa ngazi za kitaifa, na ngazi inayotumika Kinindo ndiyo inayotumika Makamba na Muyinga. Kwa sababu hiyo, pengo kati ya mshahara ulioandikwa na maisha yanayoweza kununuliwa kwa mshahara huo huonekana mapema zaidi katika mtaa wa namna hii.

Vikwazo, migomo na elimu bila ada

Mapinduzi ya Julai 1996 yaliyomrejesha Pierre Buyoya madarakani yalifuatwa na vikwazo vya kiuchumi vya nchi za ukanda huu, ambavyo vilisitishwa Januari 1999. Bei za bidhaa zilipanda na mishahara ya watumishi wa umma haikuweza kuzifuata. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, vyama vya walimu, vikiwemo STEB na CONAPES, viligoma mara kadhaa kudai posho na hadhi ya kisheria ya kazi yao. Katiba ya mwaka 2005 ilitambua haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi na haki ya kugoma.

Agosti 2005 Rais Pierre Nkurunziza aliapishwa na kutangaza kufutwa kwa ada katika shule za msingi. Uamuzi huo uliwafungulia mlango watoto wengi ambao umaskini na vita vilikuwa vimewaweka nje ya darasa. Hata hivyo, wanafunzi waliongezeka kwa kasi ambayo ajira za walimu na ujenzi wa madarasa havikuweza kuifikia. Zamu za asubuhi na alasiri ziliendelea, na mwalimu akawa na daftari nyingi zaidi za kusahihisha kwa mshahara uleule. Ikiwa malipo yatapimwa kwa kazi inayofanywa, hapa palikuwa na punguzo, ingawa hapakuwa na waraka uliolitangaza.

Michango ya uchaguzi, 2018–2019

Punguzo la wazi zaidi lilitokana na mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015. Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, nayo serikali ikaamua kwamba uchaguzi wa mwaka 2020 ugharimiwe na Warundi wenyewe. Amri ya pamoja ya mawaziri wa Mambo ya Ndani na wa Fedha, ya Desemba 2017, iliweka viwango: faranga 2,000 kwa mwaka kwa kaya, faranga 1,000 kwa mwanafunzi mwenye umri wa kupiga kura, na makato ya mshahara kwa watumishi wa umma kulingana na vyeo vyao.

Serikali ilitetea michango hiyo kwa hoja ya uzalendo na uhuru wa taifa. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa nchi inayotegemea wafadhili kuendesha uchaguzi wake ina sababu ya kutafuta njia nyingine. Tatizo lilikuwa katika utekelezaji. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kaya zilizoshurutishwa kutoa zaidi ya mara moja. Kwa mwalimu hapakuhitajika hata mtu wa kubisha hodi, kwani fedha zilikatwa kabla ya kumfikia.

Inafaa kulinganisha makato hayo na yale ya Mfuko wa Afya wa Watumishi wa Umma, ulioanzishwa mwaka 1980. Katika mfuko huo mwajiri naye huchangia, na mwalimu hupata haki anayoweza kuidai akiugua. Mchango wa uchaguzi haukumpa mchangiaji dai lolote. Ukusanyaji wake ulitangazwa kukoma katikati ya mwaka 2019.

Punguzo la thamani

Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38, na mfumuko wa bei ulipita asilimia 20 mwaka huo. Kwa mwalimu anayepanga nyumba Kinindo au anayepanda basi kila siku kwenda kufundisha huko, athari ilikuwa sawa na makato, isipokuwa haikuonekana kwenye karatasi ya mshahara.

Jirani yake, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilipita njia tofauti. Huko wazazi walichangia malipo ya walimu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hadi elimu ya msingi bila ada ilipotekelezwa mwaka 2019. Nchi hizo mbili zinakutana katika jambo moja: gharama ambayo bajeti haikuitamka ililipwa na mtu mwingine, mzazi upande mmoja na mwalimu upande wa pili.

Hitimisho

Pendekezo la ILO na UNESCO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu linataka ngazi za mishahara zipitiwe mara kwa mara kwa kuzingatia kupanda kwa gharama za maisha. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba kulinda ngazi pekee hakutoshi. Washauri wa sera wanapaswa kuuliza maswali matatu kila mshahara wa mwalimu unapoguswa: je, makato yamepitishwa na Bunge? Je, yanampa haki gani anayekatwa? Na je, kinachobaki kinanunua nini mahali anapofanyia kazi? Maswali hayo yasipojibiwa, elimu isiyo na ada itaendelea kugharimiwa, kwa sehemu, na mwalimu anayeifundisha.