Safari ya Oili katika Porsche 911

Porsche 911 ilipoonyeshwa Frankfurt mwezi Septemba 1963, injini yake haikuwa na rejeta wala tone la maji. Silinda 6 zililazwa ubavu nyuma kabisa ya gari, tatu kila upande, na feni kubwa yenye mapanga 11 ikizipulizia hewa kutoka juu. Ndiyo maana ikaitwa injini ya kupozwa kwa hewa. Jina hilo ni nusu tu ya ukweli. Joto jingi lilibebwa na oili, na mabadiliko mengi ya gari hilo katika miongo mitatu iliyofuata yalihusu mahali pa kulitupa joto hilo.

Mfumo huu ulikuwa na mzazi. Porsche 356, iliyoanza mwaka 1948, ilitumia injini ya silinda 4 yenye asili ya Volkswagen, na kipoza oili chake kidogo kilipata upepo wa feni ileile iliyopoza silinda. Kwa nguvu ndogo ya gari lile, hilo lilitosha. Injini ya 911 ilianza na lita 2 na nguvu farasi 130, na wahandisi wake, wakiwemo Hans Mezger na Ferdinand Piëch, hawakuiacha oili itulie chini ya injini kama ilivyo katika magari mengi. Pampu moja iliifyonza na kuipeleka katika tangi la pembeni, karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Pampu nyingine iliirudisha kazini. Kwa njia hiyo oili haikukimbia pampu gari likikata kona kwa kasi. Faida ya pili ilikuwa wingi: mfumo ulibeba lita 9 hivi, na oili nyingi huchelewa kupata moto.

Chumba cha injini nacho kilipangwa kwa makini. Hewa baridi iliingia kupitia wavu wa kifuniko cha nyuma, feni ikaisukuma chini kati ya mapezi ya silinda, ikatokea chini ya gari ikiwa moto. Mabati yaliyozunguka injini, pamoja na mpira uliofunga ukingo wake, yalizuia hewa hiyo ya moto isipande tena juu. Wenye magari ya zamani hudharau sana vipande hivi, na fundi asiyelijua gari huona mabati ni pambo. Yakiondolewa au mpira ukichanika, feni huanza kuvuta joto ililolitoa muda mfupi uliopita, na hakuna kipoza oili kinachoweza kufidia kasoro hiyo.

Nguvu ilipoongezwa, upepo wa feni haukutosha tena. Katika 911 S ya modeli ya 1969 kiliwekwa kipoza oili cha pili, ndani ya madigadi ya mbele kulia. Mabomba yaliipeleka oili hadi huko yakipita ubavuni chini ya mlango, na themostati ilifungua njia pale tu oili ilipokuwa imepata moto wa kutosha, kwa kuwa oili baridi mno nayo huidhuru injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viliongezwa vitundu vya kurusha oili chini ya pistoni ili izipunguzie joto. Modeli ya 1972 ilihamishia tangi la oili mbele ya gurudumu la nyuma, likiwa na kifuniko kidogo cha kujazia ubavuni mwa gari. Wahudumu wa vituo vya mafuta wakadhani ni pa petroli. Mwaka uliofuata kifuniko kiliondolewa.

Kipindi kigumu zaidi kilikuwa cha injini ya lita 2.7, kati ya 1974 na 1977. Kasha lake lilikuwa la magnesi, chuma chepesi kinacholegea kikipashwa joto kali. Sheria za moshi za Marekani zikalazimu baadhi ya magari kufungwa visanduku vya kuunguzia masalia ya petroli ndani ya ekzosi, chini kabisa ya vichwa vya silinda, na modeli za mwisho zikapewa feni ya mapanga 5. Waliotaka kiyoyozi waliongezewa mzigo mwingine: kondensa yake ilikaa juu ya wavu uleule wa kuingizia hewa. Matokeo yake, boliti ndefu zinazobana silinda zilianza kung'oka na thredi zake. Lawama mara nyingi huelekezwa kwa magnesi peke yake, lakini joto ndilo lililoimaliza.

911 SC ya 1978 ilirudi kwenye kasha la alumini. Kwa kupoza oili, magari mengi ya wakati huo yalitumia bomba lililokunjwa ndani ya madigadi, ambalo mafundi waliliita tromboni kwa umbo lake. Lilikuwa duni, na miaka ya 1980 nafasi yake ikachukuliwa na vipoza vyenye mapezi. Hata hivyo, kipoza cha mbele kisicho na feni hutegemea mwendo wa gari. Katika foleni au tope zito hakipati upepo. Magari ya 911 yalijaribiwa katika mazingira ya namna hiyo kwenye Safari Rally, yakashika nafasi ya pili mwaka 1972 kwa Sobiesław Zasada, 1974 kwa Björn Waldegård na 1978 kwa Mkenya Vic Preston Jr. Ushindi haukupatikana. Katika modeli ya 964, iliyoanza mwaka 1989, kipoza cha mbele kilikuwa na feni yake ya umeme.

Kufikia miaka ya 1990, sheria za kelele na moshi zilikuwa zimebana kuliko hewa na oili zilivyoweza kuhimili, na vichwa vyenye vali nne kwa kila silinda vilihitaji maji. 911 ya mwisho ya kupozwa kwa hewa ilitoka kiwandani tarehe 31 Machi 1998. Katika modeli ya 996 iliyoirithi, ni maji yanayosafiri hadi rejeta za mbele. Oili hupozwa na maji hayo papo hapo kwenye injini.